Kalipa Eje Anaondoka Leo, Mapafu Yanaondoka Jumatatu

Ijumaa, tarehe 14 Novemba. Asubuhi kipimajoto cha dirisha la kantini kilisoma nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Mto unafuka mvuke, hakuna upepo, na theluji ya jana uani haijakanyagwa na yeyote isipokuwa mbwa wa lango. Ndivyo ilivyoamka siku ambayo Daktari Kalipa Sarymsakova, ambaye karibu sote humwita Kalipa eje kwa kuwa ni dada yetu mkubwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kituo hiki cha moyo na mapafu.

Hafla itaanza saa nane mchana ukumbini. Kutakuwa na hotuba, joho la velveti, zulia la sufu na nyama ya kondoo. Ofisi imeliomba gazeti letu la ukutani litoe wasifu mfupi na wa kufurahisha. Mfupi hautakuwa. Wa kufurahisha, tutajaribu hadi pale tutakapofika.

Kalipa eje aliripoti kazini vuli ya mwaka 1991, wiki chache baada ya nchi kutangaza uhuru na bendera ya mlangoni kushushwa. Alikuja na sanduku moja la nguo na hadubini aliyoazimwa na chuo, ambayo chuo hakikuiulizia tena. Alipewa chumba cha chini, jirani na tanuri la makaa, kwa maelezo kwamba ni cha muda. Amekitumia mpaka jana.

Wakati ule kila kiangazi brigedi ya kituo, kikosi cha madaktari na dereva wao, ilipanda malisho ya milimani ya Aksai na Arpa kuwapima wachungaji. Kule juu hewa ni nyembamba, na mishipa ya damu ya mapafu hujibana. Ikijibana kwa miaka, presha ya mapafu hupanda, na upande wa kulia wa moyo husukuma na kusukuma mpaka unachoka. Midomo huwa ya buluu, miguu huvimba, mtu hulala ameketi. Wenyewe husema mlima umemkalia mtu kifuani.

Madaktari wa siku zile walizitazama seli za mshipa. Kalipa eje alitazama kilichoko nje ya seli. Ukuta wa mshipa haukujengwa kwa seli tupu. Seli hukaa ndani ya wavu wa nyuzi ambao zenyewe huufuma: nyuzi ngumu za kuuzuia ukuta usipasuke, na nyuzi za mpira za kuufanya utanuke na kurudi. Wengi waliuhesabu wavu huo kama nyasi za kufungashia vyombo vya udongo. Yeye aliona kwamba presha ikipanda, wavu ndio wa mwanzo kubadilika. Nyuzi za mpira hukatika, nyuzi ngumu huongezeka na kufungana mafundo. Na seli iliyomo ndani ya wavu mgumu huuhisi ugumu ule na kufuma zaidi. Wanafunzi wa uuguzi aliwaambia hivi: "Mlizoea kuambiwa mwenye nyumba ndiye anayeijenga nyumba. Hapa nyumba nayo inamjenga mwenyewe."

Kutokana na hilo alipata jambo moja ambalo alilirudia mpaka tukalichoka. Mtu akishushwa bondeni mapema, wavu hulegea na mshipa hupona. Akicheleweshwa, wavu umeshakaza. Umpe hewa yote ya dunia, mshipa hausikii tena.

Hapa ndipo mahali pa kueleza kisa cha pafu la maziwa, maana waajiriwa wapya wamekisikia kwa kupindwapindwa.

Kalipa eje alikuwa amefuga ndama wawili wa mama mmoja, mmoja hapa mjini na mwingine kule Aksai. Baada ya mwaka aliwachinja, akayatoa mapafu yote mawili na kuyaosha kwa maji na sabuni maalumu kwa siku nyingi, mpaka kila seli ikatoka na kubaki wavu mtupu, mweupe kama pamba. Pafu la ndama wa Aksai lilifungwa uzi mwekundu. Makoo ya hewa aliyakaza kwa kamba, kwa sababu alitaka kupima mishipa ya damu peke yake. Akayaning'iniza katika chumba cha baridi, akaenda nyumbani kupika chakula cha Noruzi, mwaka mpya wa masika.

Sasa kila nyumba ya mji huu inajua pafu la maziwa: unaliosha mpaka linakuwa jeupe, unalijaza maziwa na siagi, unalifunga na kulichemsha kwa ajili ya wageni. Jumakadyr baike, kaka yetu mkubwa na dereva wa brigedi, alifungua chumba cha baridi kutafuta nyama ya sikukuu ya kituo, akakuta mapafu mawili meupe yametundikwa. Akamshukuru Mungu. Aliporudi Kalipa eje, sufuria ilikuwa inachemka.

"Eje, ndama wa pili ulimtoa wapi?" Jumakadyr alimlalamikia. "Pafu lake lina kiburi. Koo umelifunga, nikatia faneli kwenye ule mshipa mkubwa wa moyoni. La kwanza limekunywa ndoo nzima. Hili limenitemea maziwa usoni."

"Jumakadyr, yale ni mapafu ya kazi."

"Kazi gani tena? Nimeyakuta yameshaoshwa. Nikasema, huyu dada ana roho nzuri, katupunguzia shughuli."

"Nimeyaosha kwa sabuni."

"Basi ndiyo maana sufuria inatoa povu. Mke wangu alisema maziwa ya dukani siku hizi yana sabuni, mimi nikamwambia aache umbeya."

Mkurugenzi wa wakati huo alikuwa ameshakula vipande viwili na kuvisifu. Alipoambiwa, alisema anajisikia msafi. Kalipa eje alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu ghafla akamshika Jumakadyr mkono.

"Rudia. Lipi limekataa maziwa?"

"La uzi mwekundu."

Seli zote zilikuwa zimeshatoka na maji. Kilichobaki ni wavu tu, na wavu peke yake ulikataa kutanuka. Basi ugumu ulikuwa humo. Aliurudia uchunguzi huo kwa mizani na vipimo, na ukamchukua miaka mitatu, lakini jibu halikupishana na la sufuria. Makala yalipotoka katika jarida la mbali, jina lake liliwekwa kwenye mstari wa shukrani, kati ya mtafsiri na kampuni iliyouza hadubini. Aliubandika ukurasa huo ndani ya mlango wa kabati lake la koti. Leo asubuhi tumeukuta umebanduliwa.

Ndama walitosha kuonyesha njia, lakini ili kujua ya watu ilibidi kutazama mapafu ya watu. Na sisi hatupasui maiti wetu. Mtu akifa huoshwa, huombewa na huzikwa mzima.

Kiangazi cha mwaka 1994 brigedi ilikuwa Aksai alipofariki Chargyn, mchungaji wa yaki, wale ng'ombe wa mlimani wenye manyoya marefu, mwanamume wa miaka arobaini na minne ambaye mwezi wa mwisho hakuweza kufunga mkanda wa buti kwa uvimbe. Kalipa eje alikwenda kwenye hema la wafiwa, akaketi upande wa wanawake, na baada ya chai alimwomba mjane kipande cha pafu cha ukubwa wa kokwa ya jozi. Mjane huyo ni Burul apa, Mama Burul mnayemfahamu. Wanawake waliacha kulia ili wasikie vizuri.

"Binti," alisema Burul apa, "mtu hazikwi nusu."

"Sitamweka, apa. Nitamuuliza nini kilimuua, kisha nitamrudisha. Kwa mkono wangu."

"Utamuuliza kwa muda gani?"

"Sijui."

"Angalau hudanganyi. Wenzako waliokuja kutupima walisema watarudi baada ya wiki mbili. Chukua. Lakini usimfanye akachelewa, hapendi kuchelewa."

Kipande hicho kililowekwa katika dawa, kikakaushwa na kuingizwa ndani ya nta, kikawa kidonge cha mraba kama sukari ya donge. Ndicho cha kwanza. Habari zilienda kutoka hema hadi hema, na kwa miaka iliyofuata familia nyingine zilikubali, moja baada ya moja, kwa sababu Burul apa alikubali na kwa sababu ya ahadi ile ile. Hakuna aliyetoa chake bila kuahidiwa kurudishiwa. Hivyo ndivyo zilivyojaa droo za chumba cha chini. Wageni wakitembelea kituo huonyeshwa droo hizo na kuambiwa ni hazina. Kalipa eje hakutumia neno hilo. Alisema, "Hawa ni wageni wangu," na akawa anafunga mlango taratibu.

Kila vuli Burul apa alishuka mjini kuuza sufu, na kila vuli alipitia chumba cha chini. Aliketi kwenye kiti cha tanuri, akafungua kitambaa cha jibini kavu na kuuliza swali lile lile.

"Mzee wangu kamaliza kazi?"

"Bado, apa."

"Tangu zamani mvivu huyo. Mwongezee kazi."

Wengine wetu walicheka. Kalipa eje alimpa chai na kumwonyesha kwenye hadubini kipande kipya kilichokatwa, chembamba kama ganda la ndani la kitunguu, wavu wa mshipa wake umepakwa rangi ya buluu. Burul apa aliutazama kwa jicho moja, kwa muda mrefu. Mara moja alisema kwamba unafanana na mkeka aliofuma mama mkwe wake, ule ambao haukuweza kukunjwa.

Kuna droo moja ambayo hatukuifungua mbele ya wageni.

Mumewe Kalipa eje, Mukash, alikuwa daktari wa mifugo wa Aksai. Presha yake ilianza kupanda mwaka 1999. Mkewe alimpima mwenyewe, akamwambia ashuke upesi, kwani wavu bado ulikuwa laini. Mukash alikuwa mtu wa mzaha. Aliwaambia watu kantini, "Wanaume wengine wake zao huwapekua mifuko. Mimi nimepekuliwa mpaka mishipa." Alishuka, akakaa nyumbani kando ya mto miezi minane, na presha ikarudi chini kama alivyotabiri mkewe. Kwa Kalipa eje kilikuwa kipindi cha furaha. Aliimba akikata tishu. Kisha Mukash akapanda tena, kwa kuwa wilaya haikupata daktari mwingine wa mifugo, na ng'ombe walikuwa wanakufa.

"Mwingine akipatikana, nitashuka siku hiyo hiyo," alimwahidi.

"Mwingine hatapatikana kwa sababu wewe uko."

"Basi niambie nimwache nani afe, Kalipa. Chagua wewe, yaki au watoto wanaokunywa maziwa yao."

Wilaya haikumtuma mtu. Aliposhuka mara ya pili alikuwa ameshikwa mabega na watu wawili. Alikaa mjini miaka miwili, katika hewa tele, akinywa dawa zote zilizopatikana, na presha haikusogea hata kidogo. Mke alijua kwa nini, na alilijua vizuri kuliko mtu yeyote nchini. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama kwetu sisi tuliokaa naye chumba kimoja. Mukash aliruhusu mwenyewe, kabla ya kufa, kipande chake kichukuliwe. Alimtaka mkewe amwahidi kama alivyowaahidi wengine, naye akamwahidi. Alikikata kwa mkono wake, kwa unene ule ule, na kukitia rangi ile ile. Nyuzi za mpira zilikuwa zimekatika kama uzi wa zamani wa kushonea viatu.

Tangu hapo alibadilika, na wasifu wa kweli hauna budi kulisema. Alikuwa mkali. Aliandika serikalini kwamba wachungaji wapimwe kila masika, na yule ambaye wavu wake bado ni laini apewe malisho ya chini kabla haujakaza. Alijibiwa kwamba malisho yana mikataba, na aliyeondoka amevunja mkataba. Aliandika tena, akajibiwa kwamba barua yake ya kwanza inashughulikiwa. Baadaye brigedi ilisimamishwa kwa kukosa mafuta, na gari letu la kijivu likawa la kuleta makaa. Wachungaji waliendelea kufa kule juu, au kushuka wakiwa wamechelewa, jambo ambalo kwa mishipa yao ni moja. Kalipa eje aliendelea kuwapokea.

Mwezi Septemba Mkurugenzi wetu, Ernis Kubatovich, alitangaza mkataba na maabara kubwa ya nchi za nje. Vipande vyote vya nta vitapelekwa huko kwa uchunguzi, na kituo chetu kitapata mashine mpya ya kutazama moyo. Tulipiga makofi. Ni kweli kwamba mashine iliyopo huzimika mtu akikohoa karibu nayo. Kalipa eje hakupiga makofi. Siku iliyofuata alimfuata Mkurugenzi mezani kwake kantini, na kwa kuwa hakuna aliyeshusha sauti, tulisikia wote.

"Ernis, nastaafu Novemba. Sitaki joho. Nipe watu wangu nikawazike."

Ernis Kubatovich si mtu mbaya. Kalipa eje ndiye aliyemfundisha kushika kisu cha kukatia tishu, na bado humwita kwa jina la kwanza peke yake, wakati yeye humwita mwalimu wake kwa heshima, pamoja na jina la babake.

"Kalipa Sarymsakovna, ukivizika vitamfaa nani? Funza? Kule wana mashine zinazosoma uzi mmoja mmoja wa wavu wako. Dawa ya kuulegeza ikipatikana siku moja, itatoka kwenye droo zako. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hivyo."

"Najua."

"Sasa?"

"Sikuwaahidi dawa. Niliwaahidi kuwarudisha."

"Wengi uliowaahidi wameshakufa."

"Hao hao ndio wanaongoja."

"Mkataba nimeshatia saini."

"Umetia saini juu ya waume wa watu, Ernis."

"Nimetia saini juu ya nta," alisema Mkurugenzi, kisha akaitazama sahani yake, na tuliokuwa karibu tuliona kwamba angependa kulirudisha neno hilo. Kalipa eje alisimama. Alichukua chai yake akaenda kuinywa chini kwenye tanuri.

Wiki iliyopita Mkurugenzi alishuka chumba cha chini mwenyewe. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Wakati wa kufungasha, kimoja kinaweza kuvunjika," alisema. "Hutokea. Kimoja, Kalipa Sarymsakovna. Sitauliza ni kipi."

Alipoondoka, sote tulijua ni kipi. Makaburi ya mji yako ng'ambo ya daraja, mwendo mfupi kwa miguu, na Mukash yuko pale. Jumatano asubuhi Jumakadyr baike aliliwasha gari la kijivu na kulifagia makaa. Alikuwa amenunua kitambaa cheupe kipya, na amezungumza na mchimba kaburi. Kalipa eje alipanda akiwa na kifurushi kidogo ndani ya glavu yake.

"Umejaza tangi?" alimuuliza.

"Tangi la nini, eje? Ni hapo darajani."

"Jaza. Tunakwenda Aksai."

Jumakadyr aliiacha injini ikivuma. "Aksai. Na Mukash je?"

"Mukash atanilaumu mimi peke yangu. Burul apa vuli hii hakuja kumuulizia mzee wake. Magoti yamemzuia. Nimlipe nini, niache atambae?"

"Eje, ni mumeo."

"Nimesikia, Jumakadyr. Hata mimi nimefanya hesabu hiyo tangu wiki iliyopita. Endesha."

Wawili wetu tulikwenda naye. Barabara ya juu ilikuwa barafu tupu, na mahali pawili tulishuka kusukuma. Kalipa eje hakulala. Mkono wake wa glavu aliuweka kifuani muda wote, kama mtu aliyebeba yai.

Burul apa alitoka nje ya nyumba yake ya majira ya baridi akiwa ameshikilia fimbo mbili. Alimtazama Kalipa eje, akatazama glavu.

"Kamaliza?"

"Hajamaliza, apa. Wamenistaafisha mimi."

"Basi mlete hivyo hivyo. Mwenye kumaliza kazi zote simjui."

Ardhi ya Aksai mwezi huu ni chuma. Shemeji zake waliwasha moto wa samadi juu ya kaburi la Chargyn ili udongo ulainike, na ulipolainika wakasimama na majembe, wakitazamana. Kifurushi kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba.

"Tuchimbe kiasi gani?" aliuliza mmoja.

"Kiasi cha mtu," alisema Burul apa.

Wakachimba kiasi cha mtu, na kazi hiyo ilikula mchana. Kwetu wanawake hawaendi kaburini siku ya kuzika. Kalipa eje alifika kwenye ukuta wa mawe, na shemeji mkubwa akaja kumzuia kwa adabu, mkono wake kifuani. Alimweleza kwamba aliahidi kurudisha kwa mkono wake. Mzee akatikisa kichwa; alisikitika, lakini alitikisa. Ndipo Burul apa akasema kutoka nyuma, kwa sauti aliyoitumia kuita yaki, "Mpe hapo. Mkono wako umefika mbali kuliko wa mtu yeyote aliyekuja huku na karatasi." Kalipa eje akavua glavu, akamkabidhi kifurushi juu ya ukuta. Walikishusha kwa mikono miwili. Wanaume walisema maneno yanayosemwa, udongo wake uwe hariri, na wakafukia.

Tulikula nyama wakati jua linashuka. Burul apa alimkatia Kalipa eje sehemu ya heshima, kisha akamuuliza, bila kumtazama, "Na wako?"

"Anaenda nchi za nje."

"Amepata pasipoti?"

"Hahitaji."

Burul apa alimkatia kipande kingine cha nyama. "Wangu, kama wangempeleka huko akiwa na pumzi," alisema, "ningemfungia jibini la njiani."

Miaka thelathini na minne daktari huyu aliomba wachungaji washushwe mapema. Hawakushushwa. Jumatatu hatimaye watashuka, mpaka baharini na ng'ambo yake, na kila mmoja atakuwa na namba. Huenda Mkurugenzi yuko sahihi, na kutoka kwao itapatikana dawa. Kalipa eje mwenyewe anaamini hivyo, na kuamini kwake hakumsaidii kitu. Tunaomba dawa hiyo ikipatikana, mtu akumbuke kuileta huku juu.

Wafanyakazi wote wajulishwe: lori litaingia Jumatatu saa tatu asubuhi. Kalipa eje hatakuwapo, kwa kuwa kibali cha lango atakirudisha leo baada ya hafla, na mlinzi ameshaagizwa. Masanduku yatatolewa nje kwa mlango ulio kando ya tanuri. Maiti akitoka nyumbani, majirani husimama nje na kumsindikiza hatua chache, hata wasiomjua. Anayetaka kusimama, asimame uani. Wanaume wavae kofia. Sanduku lenye droo ya Mukash tumelipigia mstari wa chaki, na Jumakadyr baike ameomba alibebe yeye. Mkurugenzi ameiona aya hii. Aliomba iondolewe, kisha akasema iachwe.

Yanayobaki ni shukrani. Kalipa eje, asante kwa kutufundisha kukata nyembamba bila kurarua, na kwa chai ya tanurini. Asante kwa kutukemea tulipoandika "sampuli" pale palipokuwa na jina la mtu. Kuna zaidi ya wachungaji kumi walioshuka mapema kwa sababu uliwatisha, na wako hai, wanapanda farasi, wanakusengenya. Joho utakalovishwa leo ni zuri, livae japo hulitaki. Pumzi yako iwe ndefu, na kizingiti chako kisikose wageni.

Afya na umri mrefu watakuombea wengine ukumbini. Sisi wa chumba cha chini tunakuombea usingizi, kwa kuwa tumeona macho yako tangu Septemba. Jumatano, wakati wa kurudi, ulisinzia tulipoacha barafu na kuanza kuteremka. Uliamka mara moja tu, karibu na mji, ukauliza kama lori limekwisha kuja. Jumakadyr baike akasema bado. Ukageukia dirisha, na saa mbili na robo usiku ukalala.